Shoga yangu anataka nimfumbie macho, na binti yake bado taa zinamuumiza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya serikali hapa Houston, Texas. Nina miaka 12 Marekani, minne kati ya hiyo katika shule hii. Agosti iliyopita mkuu wa shule aliniita ofisini akaniambia mwalimu aliyekuwa akiwasimamia washangiliaji ameacha kazi, na hakuna mwingine anayeutaka mzigo huo. Nikamwambia mimi hata kuruka kamba sijui. Akacheka, akasema nitafundishwa. Kuna posho kidogo juu ya mshahara, nami nina mdogo wangu yuko chuo Morogoro, ada yake iko mabegani kwangu. Nikakubali.

Najua wasomaji wako wengine watadhani nazungumzia mabinti wa kupunga vishada pembeni ya uwanja. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe wanarushana, Shangazi. Wasichana wawili wanamshika mwenzao nyayo, wanamnyanyua mpaka mikono yao inanyooka juu ya vichwa, naye anasimama huko juu kwa mguu mmoja, anatabasamu. Wa juu wanamwita flaya, wa chini ni mabesi, na anayekaa nyuma tayari kumdaka ni spota. Halafu kuna kitu wanakiita basketi: wanamtupa hewani kabisa, anajipinda huko, anarudi mikononi mwao. Siku ya kwanza nilipoona nilifunga macho.

Nilipelekwa mafunzo ya usalama, nikapewa kitabu cha kanuni cha NFHS, shirikisho la taifa la vyama vya michezo ya sekondari. Nilikisoma kama nilivyokuwa nasomea mtihani wa kidato cha sita. Nilipomaliza nikatazama mazoezi yetu na kuona karibu kila ukurasa tunauvunja. Hereni masikioni. Kucha ndefu kama za kubandika harusini. Wanamnyanyua mtu mpaka juu bila spota. Basketi wanairushia kwenye sakafu ya mbao ya uwanja wa kikapu, mikeka ya sponji imekunjwa stoo kwa sababu "inachosha kuitandika".

Nikaanza kukaza. Septemba nilimtoa binti mmoja uwanjani katikati ya mechi, mbele ya wazazi wake, kwa ajili ya hereni. Barua pepe zikaanza kumiminika. Mwaka jana walifanya hivihivi na hakuna aliyekufa. Baba mmoja akaniuliza kwa adabu zote kama huko nilikotoka mchezo huu upo. Wasichana wenyewe wakanipa jina: Polisi. Mkuu wa shule akaniambia nilegeze kidogo, wazazi hawa ndio wanaochangia mabasi na sare.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi. Wiki mbili zilizopita, nikiwa nimetoka mara moja kupokea simu ya nyumbani, walijaribu basketi bila mikeka. Flaya akapita katikati ya mikono yao, kisogo kikagonga sakafu. Hakuzimia. Mtabibu wa michezo wa shule alimpima, akasema ana dalili za mtikisiko wa ubongo, akamsimamisha. Tangu siku hiyo mimi nimekaza mara mbili. Nimepiga marufuku simu, vitafunio, hata kucheka wakati wa mazoezi.

Huyo flaya ni binti wa Mama Naniliu. Nimemficha jina, ila Watanzania wa hapa wakisoma watamjua. Nilipofika nchi hii nililala kwenye kochi lake miezi minne. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyezunguka na daftari nyumba kwa nyumba mpaka nauli yangu ya kwenda kuzika ikapatikana. Sasa Jumamosi ijayo kuna mashindano, na anasema kuna watu wa chuo watakuja kumtazama binti yake. Amepata barua kwa daktari mmoja kupitia mtu anayemfahamu. Anataka mimi niipokee, niseme mtoto yuko sawa, nisiulize zaidi. Wakati huohuo binti mwenyewe alibaki darasani juzi akaniambia kichwa bado kinamgonga na taa za darasani zinamuumiza macho, halafu akanishika mkono: "Mwalimu, tafadhali usimwambie mtu."

Nilipomwambia mama yake kwamba siwezi, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Kumbe umekuwa Mzungu." Jumapili tulikuwa kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yetu. Nilipokaa mezani, wanawake wawili walisimama kwenda kuchukua maji, na hawakurudi.

Nifanyeje, Shangazi? Nisimamie kanuni nibaki peke yangu nchi ya watu, au nimlipe mtu fadhila zake?

Mwalimu wa kemia, Houston

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliijibu kwa simu usiku uleule ilipofika, maana kichwa cha mtoto hakisubiri zamu ya safu. Hapa naiandika kwa kirefu, kwa ruhusa yako.

Nitaanza na lilelile nililoanza nalo kwenye simu. Mtoto amekuambia taa zinamuumiza. Hiyo si siri ya kumtunzia. Angekuambia ana mpenzi, ungenyamaza. Angekuambia amefeli hesabu, ungenyamaza mpaka aseme mwenyewe. Hili nenda asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, kwa mtabibu wa michezo, umweleze kwa maneno yaleyale aliyotumia binti, naye aandike. Kisha mwite binti umwambie kwamba umesema. Asije akalisikia kwa mtu mwingine. Atalia, atakuita msaliti. Mwache alie, na usijitetee sana. Na mama yake umpigie siku hiyohiyo, kwa sababu inawezekana kabisa hajui. Watoto wa umri huo wakitaka kitu humwambia mama "nimepona" huku wamevaa miwani ya jua ndani ya gari.

Sasa hiyo hukumu inayokutoa jasho. Mwanangu, unahangaika na mzigo ambao hukupewa. Mwaka 2011 bunge la Texas lilipitisha sheria inayojulikana kama Sheria ya Natasha, iliyopewa jina la msichana wa jimbo hilohilo aliyeumia kichwa akicheza soka. Jimbo la Washington lilikuwa limetangulia mwaka 2009, na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Soma ya kwenu vizuri. Wanaoweza kumtoa mtoto mazoezini ni wengi: kocha, daktari, mhudumu wa afya mwenye leseni, hata mzazi mwenyewe. Yeyote kati yao akishuku tu, mtoto anatoka papo hapo. Kumrudisha ndiko kwenye njia nyembamba. Daktari anayemtibu aandike kwamba ni salama, mtoto amalize hatua zote za kurudi mchezoni, na mzazi atie saini kwamba amezielewa hatari zake. Halafu kuna kifungu kifupi ambacho ningekuwa wewe ningekibandika ukutani: kocha haruhusiwi kuidhinisha mwanafunzi arudi.

Kwa hiyo barua ya Mama Naniliu, hata ingekuwa na mihuri saba, ni kipande kimoja tu cha safari. Tena si ya kukabidhiwa wewe. Ipeleke kwa mtabibu, ifuate njia yake. Hatua za kurudi kwa kawaida ni tano au sita, zinaanza na kutembea na kuendesha baiskeli isiyokwenda, na kati ya moja na nyingine hupita angalau saa 24. Dalili ikirudi, mtoto anarudishwa hatua ya nyuma. Na hesabu inaanza pale dalili zilipokwisha, ambazo kwa binti huyu hazijaisha. Jumamosi haifikiki, hata ukiipigia magoti.

Unaona ninakokupeleka? Unapokwenda kwa Mama Naniliu huendi kumkatalia. Unakwenda kumwambia kwamba alichokuomba hakimo mkononi mwako: "Dada, hata ningetaka, sina uwezo huo." Huo ni ukweli mtupu, na utakusaidia kuliko hotuba yoyote ya maadili. Mtu uliyelala kwenye kochi lake miezi minne hawezi kusikia hotuba kutoka kwako.

Ila usiishie hapo, maana ukisimama nyuma ya sheria peke yake atasema umepata kisingizio. Mweleze kinachoogopwa. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba ghafla. Hutokea kwa nadra, lakini unapotokea huua au huacha ulemavu, na wanaopatwa zaidi ni vijana. Tena flaya si kama mcheza mpira ambaye akipata kizunguzungu ataketi kwenye nyasi. Yeye kizunguzungu kitamkuta juu ya viganja vya wenzake, au hewani. Akianguka, anawaangukia watoto wa watu.

Na hao wazazi wanaosema hakuna aliyekufa, usiwabeze, kwa sababu nusu ya wanachosema ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Pediatrics ulilinganisha michezo 22 ya sekondari za Marekani, na kwa wingi wa majeraha ushangiliaji ukawa wa 18. Wasichana wengi wanamaliza shule bila hata mchubuko. Utafiti huohuo ukaonyesha kwamba katika majeraha yaliyotokea, karibu matatu katika kila kumi yalikuwa mtikisiko wa ubongo, na zaidi ya nusu ya yote yalitoka kwenye kunyanyuana na kurushana. Miaka minne kabla yake, mwaka 2012, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mchezo huu unabeba karibu theluthi mbili ya majeraha mabaya kabisa yanayowapata wasichana wa sekondari michezoni, yale ya uti wa mgongo na ubongo. Mzazi ambaye binti yake ameruka miaka mitatu salama ameona siku nyingi tulivu. Kanuni zimeandikwa kwa ajili ya siku moja asiyoijua yeye wala wewe.

Nimefika mahali pagumu, ukae vizuri.

Barua yako ni ndefu, mwanangu. Umeeleza hereni, umeeleza kucha, umemweleza baba mwenye adabu. Lakini kuna kitu umekipa nusu ya sentensi: "nikiwa nimetoka mara moja kupokea simu ya nyumbani". Nimeisoma mara tatu. Binti hakuanguka kwa sababu ya hereni, wala kwa sababu mtu alicheka. Alianguka kwa sababu mikeka ilikuwa stoo na mtu mzima hakuwepo. Umeripoti kwamba hukuwepo? Mama yake anajua? Kama fomu ya tukio imeandikwa kana kwamba ulikuwa umesimama pale, kairekebishe leo, kabla mtu mwingine hajairekebisha kwa niaba yako. Wasichana kumi na kadhaa walikuwa ndani ya ule ukumbi. Wanajua.

Sikuhukumu. Simu ya nyumbani tunaijua wote tulio mbali. Ikilia saa ambayo si ya kawaida, moyo unatangulia kufika kabla ya mkono. Nami nina langu. Kabla sijaja huku nilifundisha sekondari Tanzania, na mwaka mmoja nilipewa kusaidia kuwaandaa watoto wa halaiki. Unaijua halaiki: miezi ya mazoezi juani, watoto wanapandana mabegani mpaka wanakuwa mnara, ili siku ya sherehe uwanja mzima useme aah. Mvulana mmoja wa juu aliteleza akaangukia bega na kichwa. Mimi ndiye niliyemwambia, "Amka, mwanaume halii." Akaamka, akapanda tena. Siku ya sherehe alikuwa kilele cha mnara, nikapiga makofi kama wengine. Sikumuuliza hata mara moja kama kichwa kinamuuma, na baada ya hapo sikujua alikoelekea. Kwa hiyo nikikuambia jambo kuhusu vichwa vya watoto, elewa ninasema nikiwa nimekaa upande gani wa meza.

Ninachokiona kwako ni kwamba tangu ile siku unaikaza kamba isiyohusika. Kupiga marufuku kucheka kumeandikwa ukurasa wa ngapi wa kitabu cha NFHS? Hakupo. Hayo ni majuto yako yamevaa sare ya kanuni, na wasichana wanaona tofauti upesi kuliko unavyofikiri. Ukichanganya kanuni za kweli na hasira zako, wataziona zote kuwa hasira zako. Ndiyo maana wakakuita Polisi.

Kwa hiyo rudisha kicheko, kwanza. Watoto wanaocheka wanazungumza, na unataka wazungumze.

Kisha chagua mambo machache ambayo hata mkuu wa mkoa akija hayajadiliwi. Sakafu: basketi hairushwi juu ya mbao tupu, kwenye mechi wala mazoezini. Spota: hakuna anayepanda juu ya vichwa bila mtu nyuma yake. Kichwa: kikigongwa, mtoto anatoka, na anayemrudisha si wewe. Na wewe mwenyewe: ukitoka mlangoni, hata kwa dakika moja, nyayo zote ziko chini. Waambie hivyo kwa mdomo wako, na uwaambie kwa nini. Sema, "Nilitoka, na sikuwaambia mshuke. Kosa lile lilikuwa langu kabla halijawa lenu." Utawaona mabega yanashuka. Hasa hao mabesi waliomkosa mwenzao mikononi, ambao nina hakika hakuna aliyewauliza wanalalaje tangu siku ile.

Hereni na kucha nazo zina sababu, sikatai. Kucha inaweza kumchana mwenzio jicho, na hereni ikinasa kwenye sare inaondoka na sikio. Ila hizo zimalize kabla ya uwanja. Weka kibakuli mlangoni na kikata kucha pembeni, kila anayeingia apite hapo, na asiyepita afanye mazoezi ya miguu chini bila makelele. Kama kuna aliyevaa kidani cha dini au cha taarifa za ugonjwa, kitabu chako kina utaratibu wake wa kukibandika kwa plasta; usimvue mtoto msalaba wake kwa sababu una haraka. Kumtoa binti mbele ya baba yake kwa ajili ya hereni ulikuwa na haki, na ulimpoteza baba. Ungemwona nusu saa kabla ya mechi ungepata vyote viwili.

Mikeka, wape zamu. Isiwe kazi ya flaya, isiwe adhabu. Waliotandika Jumatatu hawatandiki Jumatano. Na mpe kila msichana, hata mgeni wa juzi, ruhusa ya kusema "chini" katikati ya mnyanyuo, kisha wanashuka kwanza ndipo waulize. Atakayeitumia vibaya mara mbili utaongea naye. Ni afadhali hao kuliko yule anayehisi kifundo kinateleza akanyamaza asionekane mwoga.

Mabinti hawa kunyamaza wanafundishwa na wengi. Nina hakika wameiona video ya Kristi Yamaoka. Ilikuwa Machi 2006, St. Louis, kwenye mechi ya kikapu ya vyuo. Yeye alikuwa mshangiliaji wa Southern Illinois, akaanguka kutoka juu ya piramidi, kama mita nne na nusu, kwenye mbao, hakuna mkeka. Wakati anatolewa kwa machela, shingo imefungwa, bendi ikapiga wimbo wa timu yake, naye pale alipolala akaanza kupunga mikono kwa mitindo ya wimbo ule. Uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Alikuwa amevunjika pingili ya shingo na ubongo umetikisika. Mungu alimsaidia akapona. Watu wengi wanaikumbuka mikono. Walioandika kanuni waliitazama sakafu, na mwaka huohuo basketi na piramidi ndefu zikapigwa marufuku kwenye uwanja wa kikapu usio na mikeka. Ukitaka kuwaelezea wasichana wako kanuni hiyo ilitoka wapi, waonyeshe video hiyo, kisha waulize wameona nini. Usiwape jibu haraka.

Mkuu wako wa shule nimemweka pembeni kwa sababu yeye ni mwepesi. Mwandikie barua pepe fupi, ya heshima: nimekuelewa kwamba ungependa nilegeze baadhi ya kanuni za usalama, naomba unitajie ni zipi ili nifuate maelekezo yako. Mtumie na nakala mkuu wa michezo. Hutajibiwa kwa kutajiwa hata moja. Katika nchi hiyo hakuna kiongozi atakayeandika kwa mkono wake kwamba mikeka ibaki stoo. Na yule baba aliyekuuliza kama mchezo huu upo ulikotoka, mjibu kwamba tunawapandisha watoto mabegani tangu zamani na ndiyo maana unajua wanavyoanguka. Au usimjibu. Wengine huuliza wapate kujisikia tu.

Nimeuacha mlango wa Mama Naniliu mwisho, kwa sababu huo ndio uliokuleta kwangu, ingawa umezungumza zaidi kuhusu kanuni.

Usimpigie simu kuomba mkutane. Nenda nyumbani kwake jioni, na chungu mkononi. Pika wewe, usinunue. Ukifika kaa jikoni kama ulivyokuwa unakaa, usikae sebuleni kama mgeni. Na usianze na sheria. Anza na ile simu. Mwambie, "Siku binti yako alipoanguka, sikuwepo. Nilitoka nje kupokea simu. Nimeshindwa kukuambia wiki mbili zote hizi." Hapo atakasirika, na hasira hiyo ni halali yake, usiikimbie kwa kumtajia vifungu. Akitulia, mrudie ana kwa ana ile habari uliyompigia simu, ya taa na maumivu ya kichwa, na kwamba umeshamwambia mtabibu. Sheria ya Natasha ije mwisho kabisa, kama kitu kinachowafunga nyote wawili.

Anaweza kukufukuza. Inawezekana pia utakuta kwamba mama aliyekuomba umfumbie macho alikuwa anamtafuta mtu wa kumkatalia, kwa sababu binti amemlilia usiku na mchana, na ni rahisi zaidi kumwambia mtoto "Mwalimu amekataa" kuliko kumwambia "Mimi nimekataa". Kama ndivyo, kubali kuwa huyo mtu. Mwambie waziwazi, "Nisingizie mimi." Hiyo ni njia mojawapo ya kulipia lile kochi.

Na hao watu wa chuo, msaidie kuwatafuta. Waandikie wewe kama kocha, useme binti ameumia, anafuata matibabu, na atakuwa tayari kuonekana tarehe fulani akipata kibali. Watumie video za msimu huu. Wanaotafuta wachezaji wanaona majeruhi kila wiki, hawashangai. Atakayemkataa kwa kukosa Jumamosi moja angemkataa tu.

Kuhusu kuwa Mzungu, neno hilo lisikukae rohoni. Alilisema akiwa ameumia, na sisi tulio mbali na nyumbani tunalo moja tu la namna hiyo, tunarushiana zamu kwa zamu. Wale wawili waliokwenda kuchukua maji nao wataitwa hivyo siku watakayokataa kumwazima mtu kadi ya benki.

Ukienda, nenda Jumatano. Alhamisi watoto wanafanya mazoezi ya mwisho, nawe unatakiwa ukumbini, kuanzia mkeka wa kwanza unapotandikwa mpaka wa mwisho unapokunjwa. Simu yako iache kwenye droo ya mezani, na nyumbani waambie mapema kwamba saa hizo hupatikani.

Shangazi